Bunduki Zinyamaze, Watoto Wachanjwe



Wapo wenzetu wanaouliza: polio ya watoto wa Syria inakihusu nini chama cha wafanyakazi? Sisi tunasema inatuhusu sana.

Syria ilikuwa imekaa bila polio tangu mwaka 1999. Vita vikaanza mwaka 2011. Zahanati zikabomolewa, waganga wakakimbia, mabomba ya maji yakaharibika. Kabla ya vita, watoto 9 katika kila 10 walikuwa wakichanjwa. Kufikia mwaka 2012 walikuwa hawafiki 7. Oktoba 2013 polio ikathibitishwa katika jimbo la Deir ez-Zor, mashariki mwa nchi. Watoto 36 walipooza kabla haijazimwa, wengi wao hawajatimiza miaka miwili. Hawakuchagua upande wowote katika vita ile.

Mdudu wa polio hutoka na kinyesi, akaingia mdomoni kwa maji na mikono michafu. Katika watoto 200 walioambukizwa, mmoja hivi ndiye hupooza. Wengi wa waliobaki huonekana wazima huku wakiwaambukiza wengine. Dawa ya kuponya haipo. Kinga ipo: ni matone mawili ya chanjo, tena na tena.

Na mdudu huyu haonyeshi pasi mpakani. Aliingia Syria akiwa wa asili ya Pakistan, na mwaka 2014 akavuka kwenda Iraq. Mwaka 2022 mdudu mwingine wa asili hiyo hiyo ya Pakistan alionekana Malawi, kisha Msumbiji. Malawi haikuwa na vita. Basi nani kati yetu atasema mambo hayo ni ya mbali?

Wakubwa wa vita husema haiwezekani kusimama. Si kweli. Mwaka 1985, huko El Salvador, serikali na wapiganaji wa msituni waliweka silaha chini kwa siku 3 watoto wachanjwe. Waliweza kwa kuwa walitaka.

Tusiwasahau wachanjaji. Hao ni wafanyakazi kama sisi, wanatembea nyumba kwa nyumba kwa ujira mdogo. Februari 2022, wachanjaji 8 waliuawa kwa risasi kwa siku moja nchini Afghanistan. Mfanyakazi kauawa kazini, nasi tunyamaze?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, penye vita, bunduki zinyamaze siku za chanjo. Pili, mchanjaji alindwe na alipwe haki yake. Tatu, hapa kwetu, mama wa kiwandani au wa shamba la chai anayempeleka mtoto kuchanjwa asikatwe mshahara wa siku ile, wala nyapara asimwandikie utoro. Kila tawi lilipeleke dai hili la tatu mbele ya mwajiri kabla ya siku ya chanjo, siyo baada yake.

Mtoto wa mfanyakazi ni mtoto wetu sote. Umoja ni nguvu!