Boti ya watalii ikilala baharini, kijijini kunabaki nini?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona kwamba hii nayo ni siasa tupu.

Ukisema kijiweni kwamba fulani ni mzamiaji, swali la kwanza ni "kazamia meli ya wapi?" Kwa vijana wa Bongo kuzamia ni kujificha kwenye meli ya mizigo ukiomba Mungu usishtukiwe kabla ya kufika ughaibuni. Mimi nazungumzia kuzamia kwingine: mtu anajifunga mtungi wa hewa mgongoni, anavaa miwani ya maji, anashuka kutazama matumbawe na samaki, na anayalipia haya yote kwa dola. Wenye uchu zaidi hawataki hata kurudi hotelini. Wanapanda boti yenye vyumba, jiko na kompresa ya kujazia mitungi, wanakaa baharini wiki nzima, wanazamia mara tatu au nne kwa siku, na usiku wanapanga picha walizopiga chini ya maji.

Biashara hii imeshamiri Bahari ya Shamu upande wa Misri, Maldives na Indonesia. Wiki moja inaweza kumgharimu mtalii dola elfu moja na nusu, elfu tatu au zaidi, tiketi ya ndege mbali. Kwetu boti za namna hii bado ni chache, wengi wanazamia kutoka hotelini, kule Mafia, Mnemba au Pemba. Lakini Zanzibar ina wizara ya uchumi wa buluu tangu 2020, filamu ya Royal Tour ilizinduliwa 2022, na mwaka 2024 watalii wa nje walioingia Tanzania walipita milioni 2. Boti zitaongezeka tu. Swali ni je, zikija zitatukuta tumejipanga?

Msomaji uliye Mogitu, chini ya Mlima Hanang, utasema haya yanakuhusu nini. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, samaki unayemjua ni wa Ziwa Basotu, na kuogelea labda hujawahi. Subiri kidogo. Nina sababu mbili za kukutaja.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mtalii anayekuja kupanda Hanang lazima alale Katesh au jirani, ale chakula cha mama ntilie au cha gesti, atafute mwongozaji, apande bodaboda, anunue maji. Hata akiwa bahili, hela yake inapita kwenye mikono kadhaa kabla hajaondoka. Sasa mgeuze huyo huyo awe mtalii wa boti. Amelipia safari kwao kabla hajapanda ndege. Analala botini, anakula botini, hewa ya mtungi inatoka botini, na mwongozaji wa chini ya maji mara nyingi ametoka nje kama yeye. Kijiji cha wavuvi kinaiona boti kwa mbali, usiku inawaka taa kama harusi, asubuhi imeondoka. Hii imekaaje?

Kinachobaki ni ada ya hifadhi. Bara tuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na hifadhi tatu za bahari: Mafia iliyoanzishwa 1995 yenye kilomita za mraba 822, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kule Mtwara mwaka 2000, na ya Silikanti kule Tanga mwaka 2009. Silikanti ni yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kunaswa 2003 kule Songo Mnara, kisha akanaswa kwa wingi Tanga. Ada hukusanywa na taasisi ya serikali. Zanzibar wana utaratibu wao, kwa sababu uvuvi si jambo la Muungano.

Mafia ina somo lake. Miaka ya 1990 wanavijiji wengi waliunga mkono hifadhi kwa sababu moja kubwa: wavuvi wa baruti, wengi wao wakitokea Dar, walikuwa wanalipua miamba yao. Walitaka mtu wa kuwazuia. Hifadhi ikaja, baruti ikapungua, lakini na wenyewe wakaanza kuambiwa hapa usivue, nyavu hii hairuhusiwi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, aliyeishi kisiwani Chole, ameandika kitabu kizima juu ya mvutano huo, Rough Waters, kilichotoka 2004. Mvuvi akiacha mwamba ili papa potwe na matumbawe vistawi, halafu faida ikalale botini, kesho utamwambia nini akitokea mtu na baruti na ahadi ya mgawo?

Sababu ya pili ni hiyo baruti. Haitengenezwi na samaki. Malighafi yake imekuwa ikitajwa miaka yote: vilipuzi vinavyochepushwa migodini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye ujenzi wa barabara, au mbolea inayochanganywa na mafuta. Vitu hivyo vyote vinapatikana huku kwetu bara. Bomu linaloua mwamba Kigamboni linaweza kuwa lilianza safari kwenye stoo ya mkandarasi mbali kabisa na bahari, mlinzi akiwa amepewa chochote afumbe macho.

Na hasara yake si ya maneno. Mlipuko unapasua kibofu cha hewa ndani ya samaki, wengi wanazama chini na hawaokotwi kabisa. Mwamba unageuka kifusi, na kurudi kwake ni miaka mingi. Machi na Aprili 2015 watafiti walizunguka pwani ya Tanzania na boti iliyokokota vinasa sauti ndani ya maji. Katika saa 231 za kurekodi walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, mahali penye polisi, mahakama na wizara. Baada ya hapo kikaundwa kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola, watu wakakamatwa, na milipuko ikapungua sana. Kwa hiyo inawezekana, serikali ikiamua inaweza. Shida ni kuamua kila mwaka, maana doria ikilegea mwezi mmoja kazi ya miaka inaharibika.

Kuna kitu sisi vijana tunakidharau kwenye biashara hii, nacho ni kamera. Chini ya maji rangi nyekundu huanza kupotea mita chache tu kutoka juu, ukienda mita 15 au 20 kila kitu ni buluu. Ndiyo maana wapiga picha wanashuka na kamera ndani ya kasha lisiloingia maji na flashi mbili kubwa pembeni. Unaweza kuona ni anasa. Lakini papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote anayeonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, ana madoa yasiyofanana na ya mwenzake, kama alama za vidole. Watafiti wanamtambua mmoja mmoja kwa picha za ubavuni. Picha ya mwamba leo na ya mwamba huo huo baada ya miaka mitano ni ushahidi: unajua kama umelipuliwa, umepauka kwa joto kama ilivyotokea 1998, au unapona. Nani ana picha hizo za bahari yetu? Wageni wana maelfu. Sisi tuna ngapi?

Tusidanganyane pia, kazi hii ina hatari. Kila mita 10 unazoshuka mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu ufukweni, na gesi ya naitrojeni inaingia kwenye damu. Ukipanda haraka inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na unaweza kupooza au kufa. Ndiyo maana aliyezamia mara kadhaa anashauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Na boti yenyewe je? Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua California usiku, watu 34 wakafa, wote wakiwa chini ya sitaha kwenye sehemu ya kulala, na hapakuwa na mlinzi wa zamu. Novemba 2024 boti nyingine, Sea Story, ilizama Misri, watu 11 wakafa au hawakuonekana tena. Nchi iliyowazika watu wa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 haihitaji kufundishwa maana ya kukagua chombo kabla hakijaondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Boti zije, lakini kwa masharti. Moja, kila boti ya kulala iajiri waongozaji wazamiaji wa Kitanzania, si wapishi na wabeba mitungi tu, na ichangie kuwafundisha. Chumbe kule Zanzibar, hifadhi tangu 1994, waliwachukua wavuvi wakawafanya walinzi wa matumbawe, na wameweza. Mbili, sehemu ya ada iende kijijini moja kwa moja na kiasi kibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu asome. Palau, nchi ya visiwa vidogo, tangu 2018 inamtoza mgeni dola 100 za mazingira ndani ya tiketi ya ndege, na wageni wanalipa. Tatu, boti zifungwe kwenye maboya, hakuna kutupa nanga juu ya matumbawe. Nne, hakuna kulala baharini bila mlinzi wa zamu aliye macho na njia mbili za kutokea vyumbani. Tano, stoo za vilipuzi huku bara zihesabiwe kwa ukali ule ule tunaohesabia nyavu za mvuvi.

Najua kuna atakayesema masharti mengi yatawafukuza wawekezaji. Wazamiaji wanafuata mwamba ulio hai, na mwamba unabaki hai pale ambapo mwanakijiji ana sababu ya kuulinda. Mwekezaji asiyetaka kugharamia hilo anakuja kuvuna tu, halafu ahamie kwingine.

Wadau mnasemaje? Hasa nyie wa Mafia, Pemba na Mtwara, boti zikifika kwenu mnapata nini? Na nyie wa Hanang na Mbulu, barabara na machimbo yako milangoni kwenu. Tupeni ya huko.