Miaka 50 ya vyuo vya wananchi, na tanuri tunalolidai

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimetimiza nusu karne tangu mpango wake uanze mwaka 1975, kwa wazo lililochukuliwa Sweden na kupewa sura ya Tanzania. Kwa Kasulu na Kibondo hongera hizi zinatoka moyoni. Walioishia darasa la saba walipokelewa humo wakatoka waashi, maseremala, washonaji na wachomeleaji. Siku hizi hata wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanarudi kusoma humo.

Zawadi tunayoviombea ni ufundi mmoja zaidi: kupuliza kioo.

Buha, eneo letu la Kasulu na Kibondo, inakijua kioo siku nyingi, ila kwa kukinunua. Karne ya 19 soko la Ujiji lilitumia sofi kama fedha, shanga nyeupe mithili ya vipande vya shina la kiko, zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Kupuliza kioo kulianza Shamu, karne ya 1 kabla ya Kristo; baadaye Venice wakautumia ufundi huo kutengeneza shanga. Fundi huchota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akapuliza povu ndani yake. Mwenzake hulishika donge upande wa pili kwa fimbo, kisha kila mmoja hukimbilia upande wake kabla halijaganda. Povu hurefuka likawa mrija mwembamba; mrija ukikatwakatwa, kila kipande kina tundu lake la uzi. Pumzi ya mtu asiyejulikana ilivuka bahari ikalipia chumvi na samaki wa Ziwa Tanganyika!

Leo kioo kinatujia kama chupa, kikiisha kazi kinatupwa. Arusha, karakana iitwayo Shanga inaziyeyusha chupa kama hizo zikawa glasi na vyombo vya mezani, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Kitengela, nchini Kenya, wapuliza kioo wamewasha matanuri kwa oili chafu ya magari. Hilo ni muhimu kwetu, maana misitu ya Kibondo haihitaji mlaji mwingine wa kuni.

Tuanze na tanuri moja Kasulu. Wachomeleaji watengeneze mabomba, waashi wajenge tanuri na jiko la kupoozea, kwani kioo kikipoa haraka hupasuka. Mwalimu wa kwanza aombwe Arusha, na Wizara ya Elimu iuweke ufundi huu kwenye mtaala.