Vyuma Chakavu: Watoto Waijue Alama ya Mionzi



Naomba niseme machache juu ya jambo linalogusa uhai wa watoto wetu vijijini. Jambo lenyewe ni vyuma chakavu na mionzi.

Biashara ya vyuma chakavu sasa imefika hadi vijijini. Mnunuzi anapita na baiskeli na mizani yake, na wanafunzi wakitoka shuleni huokota misumari, sufuria mbovu na vipuri vya magari wapate fedha ya daftari. Sina ugomvi na biashara hiyo, maana ni riziki ya watu. Swali langu ni hili: nani amemwambia mtoto kwamba si kila chuma ni cha kuokota?

Wengi wetu tukisikia neno mionzi tunafikiria mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, au ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986. Tunaona ni mambo ya mataifa makubwa. Lakini yaliyotokea mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, nchini Brazil, yalianza kwa watu maskini waliotafuta chuma cha kuuza.

Katika mji huo zahanati moja ya kutibu saratani ilihama, ikaacha mashine yake ya mionzi ndani ya jengo tupu. Septemba 13, vijana wawili waliingia wakang'oa sehemu ya mashine hiyo. Siku ile ile walianza kutapika, lakini mmoja wao alipokwenda kutibiwa ilidhaniwa ni chakula kibaya. Chuma kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa madini ya sizi-137, gramu 93 tu, uliotoa mwanga wa buluu usiku. Mwenye duka alifurahi, akawaita ndugu na majirani waje kutazama, akawagawia chembe kama za mchele. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea unga huo nyumbani kwao, kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Aliyeokoa mji ni mke wa mnunuzi. Aliona kila aliyekisogelea kitu kile anaugua, akakitilia shaka, akakipeleka kwa basi katika ofisi ya afya. Wakati huo siku 15 zilikwisha pita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na unga huo mwilini au katika nguo. Wanne walikufa, akiwamo mama huyo na mtoto yule. Nyumba zilibomolewa na udongo ukazolewa, kwa kuwa sizi-137 huchukua miaka 30 kupungua nguvu hadi nusu.

Ndugu wasomaji, tuzingatie mafunzo ya mkasa huo. Kwanza, mionzi yenyewe haionekani, hainuki wala haichomi papo hapo kama moto. Ule mwanga wa Goiânia usitudanganye, maana vyanzo vingi vya mionzi having'ai hata kidogo. Pili, ipo tofauti kati ya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na vumbi lake. Aliyepigwa picha ya eksirei hospitalini hawezi kumwambukiza mtu. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Lakini aliyeshika unga kama ule hubeba hatari mikononi na katika nguo, na akila au akivuta hewa yenye vumbi hilo, hatari huingia ndani ya mwili.

Tatu, kinga yake ni mambo matatu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anayaelewa: muda, umbali na kizuizi. Kaa karibu nayo muda mfupi iwezekanavyo. Sogea mbali, kwani chanzo kidogo ukikiacha umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo tu. Weka kitu kizito kati yako nayo, kama ukuta wa zege au risasi.

Hata hivyo, hofu isituzidi. Kila mwanadamu hupata mionzi kidogo kutoka ardhini na angani, na picha moja ya kifua huongeza sehemu ndogo tu ya ile anayoipata kwa mwaka mzima. Mgonjwa wa kikohozi asikatae eksirei aliyoandikiwa na daktari, maana kifua kikuu kitamuua mapema zaidi. Mama mjamzito amweleze mpigaji picha hali yake, na asiyehusika asisimame chumbani humo kwa udadisi.

Ninalolilia ni elimu. Alama ya mionzi inajulikana dunia nzima: duara dogo jeusi lenye mapanga matatu kama ya feni, katika rangi ya njano. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liliongeza alama nyingine, pembetatu nyekundu yenye mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, ili hata asiyejua kusoma aelewe kuwa atoroke. Nchini kwetu tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki. Naiomba ishirikiane na wizara ya elimu ili picha za alama hizo zibandikwe katika kila shule ya msingi na ofisi ya kijiji. Hakuna haja ya kungoja mtaala mpya. Karatasi moja ukutani inatosha kuanzia.

Wanunuzi wa vyuma nao wabandike picha hizo penye mizani, na wasipokee chombo kizito kisichofunguka ambacho hawajui kimetoka wapi. Vyanzo vya mionzi vimo pia katika vipimo vya ujenzi wa barabara na vya viwandani, si hospitalini tu. Mtu akikuta kitu chenye alama hiyo asikiguse, asikipige nyundo, asikitie motoni. Awaondoe watoto, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au polisi, nao waiarifu Tume. Ikiwa amekwisha kishika, anawe kwa maji na sabuni, avue nguo na kuziweka kando, kisha aende hospitali na kumweleza daktari wazi wazi alichoshika.

Watu wa Goiânia hawakuwa wajinga kutuzidi. Hawakuambiwa tu. Sisi tunaweza kuwaambia watoto wetu leo, kwa gharama ya karatasi na gundi. Wahusika walitazame jambo hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.