Binamu Si Babu

Siku moja nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa sisi tulitokana na nyani, mbona nyani wangali porini? Mbona hawageuki watu hata leo?" Darasa zima liliangua kicheko. Wengine walipiga madawati kwa furaha, maana walidhani kwamba elimu ya mageuko imekwisha kuangushwa kwa pigo moja. Nilimjibu maneno mawili matatu yasiyo na nguvu, kengele ikalia, nikatoka.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Nilijua kwamba kijana yule hakukosa. Tulikosa sisi tuliomfundisha. Ubaoni nyuma yangu palikuwa na picha niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe: nyani ameinama mwanzoni mwa safu, wa pili ameinuka kidogo, wa tatu ameinuka zaidi, mpaka mwishoni amesimama mtu aliyenyooka. Aliyefunzwa kwa picha kama hiyo ataulizaje swali jingine? Leo nataka kuipinga picha hiyo. Naipinga kwa sababu ni ya uongo, na tena kwa sababu uongo wake umewahi kuwadhuru watu.

Kwanza na tuliweke wazi jambo lenyewe. Mwanasayansi ajuaye kazi yake hasemi kwamba binadamu ni mjukuu wa nyani. Lisemwalo ni kwamba binadamu na sokwe ni watu wa ukoo mmoja, waliotokana na wazazi walioishi Afrika yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Wazazi hao hawakuwa binadamu, wala hawakuwa sokwe hawa tuwajuao. Uzao wao uligawanyika. Upande mmoja ulishika njia yake mpaka tukapatikana sisi. Upande wa pili ukashika njia yake mpaka akapatikana sokwe, ambaye naye amebadilika kama tulivyobadilika sisi. Ama nyani mwenye mkia, yule aibaye mahindi shambani, huyo ni ndugu wa mbali zaidi: njia yake na yetu ziliachana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Basi aulizaye mbona nyani wangali wapo, na aulizwe yeye: "Wewe umetokana na babu yako. Mbona binamu zako wangali hai? Mbona hawageuki wakawa wewe?" Binamu hangoji kugeuka mtu mwingine. Sokwe naye hayuko safarini kuja kwetu. Mwili wake wamfaa katika msitu wake, na mikono yake yapanda miti kuliko yetu.

Atakaye mfano mwingine na atazame ndimi zetu. Mswahili husema *mtu*, Mgiriama husema *mutu*, Mkamba na Mkikuyu husema *mundu*, Mluhya husema *omundu*. Maneno haya hayakufanana kwa bahati. Lugha hizi zilizaliwa na lugha moja ya Kibantu iliyosemwa maelfu ya miaka iliyopita, ambayo leo haina msemaji hata mmoja. Ni nani aliyepata kudai kwamba Kiswahili kimetokana na Kikamba, au kuuliza mbona Kikamba hakijageuka Kiswahili? Wala haikuwako siku ambayo mama alilala akisema lugha ile ya kale, mwanawe akaamka akisema Kiswahili. Kila mzazi alielewana na mtoto wake. Lakini mabadiliko madogo madogo yalikusanyika kizazi baada ya kizazi, hata wa kwanza na wa mwisho wasingeweza kusalimiana. Mageuko ya viumbe nayo ni hivyo. Kila mtoto alifanana na mama yake, na hakuna mama wa kale aliyejifungua kiumbe asichokitambua.

Wako wasemao, "Lakini hiyo ni nadharia tu." Hapa neno limewapoteza. Barazani nadharia ni wazo la mtu ambalo halijatendwa. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi, yakatolewa changamoto, yakasimama. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba yaelekea wazazi wa kale wa binadamu waliishi Afrika, kwa kuwa gorila na sokwe, ndugu zetu wa karibu, wanaishi huku. Wakati huo hakuwa na mfupa hata mmoja wa Afrika wa kumshuhudia. Mifupa ilikuja baadaye, mingi ikitoka katika ardhi hii yetu. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mwaka 2000 katika vilima vya Tugen, Baringo, ilipatikana mifupa ya kiumbe wa miaka milioni 6, ambaye wataalamu wengi wasema paja lake laonyesha kwamba alitembea kwa miguu miwili.

Nao mwili wenyewe washuhudia. Ndani ya chembe za mwili mna nyuzi ndogo za urithi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana jozi 23. Sokwe na gorila wana jozi 24. Ikiwa sisi ni ukoo mmoja, jozi moja imekwenda wapi? Wataalamu walipotazama waliiona: kromosomu yetu ya pili ni mbili zilizoungana, na alama ya kiungo ingalipo pale zilipokutana, kama kovu mahali palipounga mfupa uliovunjika. Kisio la barazani halina kovu la kuonyesha.

Sasa nije kwenye dhara. Picha ya safu ni ngazi, na penye ngazi lazima awepo wa juu na wa chini. Wako watu wa Ulaya na Marekani walioitwaa ngazi hiyo wakajiweka juu kabisa, wakamweka Mwafrika kipandio kimoja juu ya sokwe. Mwezi wa Septemba mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kijana mmoja wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutangu, na maelfu ya watu wakaja kumtazama na kumcheka. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi kwao. Mwaka 1916 alijiua kwa bastola huko Virginia.

Kosa lililomfungia Ota Benga ni lile lile la picha niliyoichora ubaoni. Ukiiondoa ngazi ukaweka mti wa nasaba, tusi lote laanguka. Watoto wa baba mmoja wote wako umbali mmoja na binamu yao. Hayuko aliye karibu naye kuliko mwingine. Mzungu, Mwafrika na Mchina wote ni aina moja ya kiumbe, na umbali wao na sokwe ni ule ule. Mifupa ya kale zaidi ya aina yetu ijulikanayo leo, ya yapata miaka 300,000, ilipatikana Jebel Irhoud nchini Morocco. Sote, weupe kwa weusi, asili yetu ni bara hili. Kwa hiyo kijana anayemwita mwenzake "nyani" uwanjani, au anayekataa somo hili kwa kuogopa kutukanwa, ajue kwamba bado anaishika ngazi ya wale waliomcheka Ota Benga.

Wako pia wanaohofu kwamba wakikubali undugu huu watakuwa wamemkana Mungu. Mimi siwezi kumwamulia mtu imani yake. Nasema tu kwamba wako waumini wengi wanaoyashika yote mawili, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Atakayekataa na akatae. Lakini alikatae lile lililosemwa, asikatae lile alilolizua mwenyewe.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Mwezi wa Agosti mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, Mkenya aitwaye Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Masomo yake yalikuwa machache, lakini macho yake yalikuwa na elimu. Kutokana na kipande kile wenzake walifukua sehemu kubwa ya mifupa ya kijana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 160, na alitembea wima kama tutembeavyo sisi. Lakini ubongo wake ulikuwa yapata theluthi mbili tu ya wetu. Kijana huyo amehifadhiwa Nairobi. Wataalamu wa dunia nzima wamesafiri kuja kumtazama, na sisi tulio jirani zake tunacheka darasani bila kumjua.

Nilirudi darasani wiki iliyofuata nikaifuta safu, nikachora mti wenye matawi. Kisha nikamwita yule mwanafunzi, nikamshukuru mbele ya wenzake kwa swali lake, maana kuuliza si ujinga. Akautazama mti kwa muda, akasema: "Basi, mwalimu, sokwe si babu yetu. Ni binamu." Safari hii hakuna aliyecheka.