Nilipata B+ ya Saikolojia, Kisha Nikashika Fimbo

Mwaka wa kwanza niliulizwa kwenye UE nitofautishe adhabu na uimarishaji hasi. Swali lile lina mtego, na huwaangusha wengi kwa sababu ya hilo neno "hasi". Mimi nilikuwa nimelikariri usiku kucha kwenye madesa ya waliotutangulia: uimarishaji, uwe chanya au hasi, huongeza tabia, adhabu huipunguza. Ukimwondolea mwanafunzi zamu ya usafi kwa kuwa amemaliza zoezi, na kesho akamaliza tena, huo ni uimarishaji hasi. Nikaandika, nikamtaja Skinner, nikaondoka na B+ yangu.

Miezi michache baadaye nikaenda TP. Shule siitaji, maana kosa ni langu. Nilipewa hisabati, Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya 80 kwenye chumba kimoja. Wiki ya kwanza nilijitahidi kuwa mpole. Wiki ya pili mwalimu mmoja mwenyeji akaniambia, "Mwalimu, hawa bila kiboko hawaendi," akanipa fimbo yake. Nikaipokea. Jaribio la kwanza, kila aliyepata chini ya nusu alikula mbili.

Kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na ziandikwe kitabuni. Hayo nimeyajua baadaye. Hata ningeyafuata yote, sidhani kama ningekuwa nimefundisha hisabati.

Jaribio la pili alama zilipanda. Nilifurahi sana, nikataka hata kumpigia mama, mpaka nilipogundua wakati wa kusahihisha kwamba hata makosa yanafanana, dawati kwa dawati. Kunakili kuliwaondolea fimbo, basi kunakili kukaongezeka. Ule ndio uimarishaji hasi wenyewe, mfano ambao haukuwemo kwenye madesa. Na adhabu nayo ilipunguza tabia kama nilivyoandika kwenye UE, ila tabia iliyopungua ni kunyoosha mkono na kuuliza.

Kilichonimaliza kabisa kilitokea siku nyingine, fimbo ikiwa ofisini. Nilinyanyua rula ya ubaoni nichore pembetatu, na waliokaa madawati ya mbele wote wakainamisha vichwa. Rula tu jamani! Nikasimama pale na chaki mkononi, nikamkumbuka Albert mdogo.

Mnamkumbuka? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1920, John Watson na Rosalie Rayner, huko Marekani, walimpa mtoto wa miezi 11 panya mweupe ambaye mwanzoni hakumwogopa hata kidogo. Akimgusa, chuma kinagongwa kwa nyundo nyuma yake. Haikuchukua muda akawa analia akimwona panya tu, bila kelele yoyote, kisha hofu ikahamia kwa sungura na koti la manyoya. Leo utafiti ule usingepita kwenye kamati ya maadili. Mimi nimeufanya kwa watoto 80 bila kibali cha mtu, na mkaguzi wangu akanipa alama nzuri kwa kulimudu darasa.

Najua kuna atakayesema, "Mbona sisi tulichapwa na tumefika chuo?" Tuliofika ndio tunaosema hivyo. Wale walioanza kutoroka kipindi cha hisabati hatukutani nao kantini tukawauliza.

Ninalolidai ni dogo. Tunasoma saikolojia mwaka wa kwanza ukumbini, mamia kwa mamia, tunapimwa kwa maana za maneno, halafu tunatupwa TP, na tukirudi hakuna anayeuliza tumeona nini. Waziri wetu wa Elimu alipeleke hili idarani: nusu ya alama za kazi za muhula zitoke kwenye TP. Kila mtu alete jambo moja aliloliona darasani, hata kama ni aibu yake, alieleze kwa dhana aliyosoma. Wahadhiri watasema kazi za kusahihisha ni nyingi, na hawadanganyi. Basi ifanyike kwenye seminari, ambako siku hizi tunasomeana slaidi tu huku nusu ya watu wako kwenye simu.

Kundi letu linawasilisha wiki ijayo. Nimeomba dakika kumi za ile rula.