Kipimo cha Kwanza Kiwe cha Mume

Ndoa ikikaa miaka miwili bila mtoto, iwe mtaani Kondele hapa Kisumu au kwenye vijiji vya wavuvi huko Bondo na Homa Bay, lawama humwendea mke. Yeye ndiye anayezungushwa hospitali, kwa mganga na kwenye kesha za maombi. Mume hufikiriwa mwisho, pengine akiwa ameshashauriwa aoe wa pili. Utaratibu huu uko kichwa chini. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mkewe. Isitoshe, kipimo chake ndicho chepesi: hujizuia siku 2 hadi 7, hutoa shahawa kwenye kikopo safi, nazo hufikishwa maabara kabla ya saa moja kupita, ambako mbegu huhesabiwa na kutazamwa kwa hadubini zinavyoogelea. Mke huenda akapigwa eksirei ya mirija, au hata kutobolewa tumbo.

Wapo watakaosema: nguvu ninazo, nipimwe nini? Nguvu na mbegu ni mambo mawili. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni mbili: moja huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, inayochochea nguvu hizo, nyingine huhimiza seli zinazolea mbegu. Testosteroni ikizidi kwenye damu, ubongo hukatiza amri zote mbili. Nayo ya sindano haiwezi kuziba pengo, kwa sababu korodani huhitaji kiwango kikubwa mno kuliko kile cha kwenye damu. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 1990, wanaume 271 wa nchi 7 walidungwa testosteroni kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuwa na hata mbegu moja. Kijana anayejidunga homoni hiyo ili atunishe misuli anapanga uzazi bila kujua. Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila huchukua miezi, na kwa wengine zaidi.

Mwingine atataja mtoto aliyempata nje zamani. Mbegu huchukua takriban siku 74 kukomaa, kwa hiyo shahawa za leo zinaeleza miezi michache iliyopita tu. Mtoto wa darasa la tano ni ushahidi wa mwaka aliotungwa mimba.

Pingamizi zito ni kwamba wanaume wa huku hawatakubali. Kati ya 2002 na 2005, wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walijitolea hapa Kisumu kwa utafiti wa tohara, katika jamii ambayo kijadi haitahiri. Utafiti ulisimamishwa Desemba 2006, baada ya kuonekana kwamba tohara hupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi kwa zaidi ya nusu. Walielezwa sababu, wakakubali kisu, sembuse kikopo? Aibu ipo, sikatai, lakini mara nyingi sisi ndio tunaoilea kwa kutomwita mwanamume kabisa. Mke akifika kliniki peke yake kwa shida hii, arudi nyumbani na barua ya kumwita mumewe kabla hajaandikiwa eksirei.