Baniani na Kiatu Chake

Wahenga walisema: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Ni maneno ya mteja amchukiaye mwuzaji huku akiihitaji bidhaa yake. Hata Bujumbura, penye mtaa uitwao Asiatique, wengi wamjua Mhindi wa dukani. Wachache wamjua Mhindu wa hekaluni. Tena si kila Mhindi ni Mhindu. Waismailia na Mabohora ni Waislamu, na Wagoa wengi ni Wakatoliki.

Mahekalu mengi ya Kihindu humpokea mgeni wa dini yoyote, mradi ashike adabu. Avue viatu mlangoni, avae nguo za stara, asiingie na nyama wala pombe, na anyamaze taa ya ibada izungushwapo mbele ya sanamu. Akipewa tunda au kitu kitamu kilichotolewa sadaka, alipokee kwa mkono wa kulia.

Wahindu wanao pia watawa wa kike. Shirika la Sarada Math, lililoanzishwa Kolkata mwaka 1954, huongozwa na wanawake walioacha ndoa na mali, mfano wa masista wajulikanao Burundi.

Mwaka huo huo Wahindu wa Kampala walianza kujenga hekalu lao kubwa, wakalimaliza mwaka 1961 bila kutumia nondo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mwaka huo Burundi nayo ilikuwa ikizika watu wake. Njiani kwenda Entebbe, waliofukuzwa walisimamishwa vizuizini, na askari wakawanyang'anya pete, saa na fedha. Miaka ilipita kabla baadhi yao hawajarudi na viatu kuonekana tena mlangoni pa hekalu.

Nyumba ya askari, basi, ina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Amri mbaya hutolewa na mmoja, lakini hutekelezwa na mikono ya wengi, na kila mkono una mama aliyeulea. Mzazi apatapo nafasi na ampeleke mtoto kuutazama msikiti, kanisa na hekalu la jirani, akiisha kuomba ruhusa, na amfundishe kuingia kwa heshima. Mtoto wa leo ndiye atakayesimama kizuizini kesho, bunduki begani, jirani akiwa mbele yake na mzigo wake.